Athene au Efeso? Somo kutoka Makumbusho ya Wasukuma, Bujora



Kitabu cha Matendo ya Mitume kinatuonyesha miji miwili ambamo Mtume Paulo alikutana na vitu vya dini za wenyeji. Alipokuwa Athene alizunguka mjini, akavitazama vizuri vitu walivyoviabudu watu, akaona na altare iliyowekwa kwa ajili ya Mungu asiyejulikana. Hotuba yake pale Areopago ilianzia kwenye altare hiyo (Mdo 17:22-23). Huko Efeso mambo yalikwenda vingine. Watu waliokuwa wakifanya uchawi walileta vitabu vyao wakavichoma moto mbele ya wote, na thamani yake ilipohesabiwa ilifikia vipande 50,000 vya fedha (Mdo 19:19).

Mtume ni yule yule na Injili ni ile ile. Kwa nini basi altare ya Athene iligeuka mlango wa mahubiri, na vitabu vya Efeso vikageuka kuni?

Swali hili linaishi katika parokia zetu. Ndani ya nyumba za waamini wengi kuna kigoda cha babu, ngoma ya ukoo, usinga, mkuki, shanga za mapacha, kibuyu kilichofungwa mahali pa siri. Mtu anapobatizwa au anaporudi Kanisani, huuliza: nivifanyie nini? Wapo wanaomjibu, "Choma vyote." Wapo wanaomwambia, "Acha, hizo ni mila tu." Majibu yote mawili ni mepesi mno. Ili tufikiri vizuri zaidi, napendekeza twende pamoja mahali ambapo Kanisa lenyewe liliamua kuvikusanya vitu vya wazee na kuvihifadhi, yaani Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora.

1. Bujora ni wapi, na ilianzaje?

Bujora ipo karibu na Kisesa, wilayani Magu, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini, ukifuata barabara iendayo Musoma. Ni parokia ya Jimbo Kuu la Mwanza. Kanisa na makumbusho vimekaa pamoja juu ya kilima chenye mawe makubwa, mawe ambayo kila aliyefika Mwanza anayafahamu.

Mwanzilishi wake ni Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika (White Fathers) kutoka Quebec, Kanada. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Katika miaka ya 1950 na 1960, yeye pamoja na wazee wa Kisukuma walianza kukusanya vyombo, ngoma, mavazi na vitu vya enzi, na kuvijengea mahali pa kukaa. Tusiipite tarehe hiyo haraka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulianza mwaka 1962, na hati yake juu ya kazi za kimisionari, Ad Gentes, ilitolewa mwaka 1965. Maana yake ni kwamba kazi ya Bujora ilianza kabla Mtaguso haujasema kwa sauti kubwa kuwa mbegu za Neno zimelala ndani ya mila za mataifa na kwamba tunapaswa kuzigundua kwa furaha na heshima.

Kuna jambo la pili kuhusu wakati ule. Mara baada ya Uhuru wa Tanganyika, serikali ilifuta utawala wa machifu. Kwa Wasukuma, mtemi alikuwa zaidi ya mtoza kodi. Mvua, mbegu, kesi na amani ya nchi vilihusishwa naye. Utemi ulipoondoka, vitu vya utemi vilibaki bila kazi yake. Ngoma iliyopigwa mtemi alipotawazwa ingepigwa lini tena? Vitu kama hivyo huliwa na mchwa, au huuzwa kwa wageni kwa bei ya kutupa. Hivyo makumbusho yalipata umuhimu mkubwa kuliko ilivyotazamiwa: yaliokoa kumbukumbu ya watu katika muda mfupi ambao ingeweza kupotea kabisa.

2. Anachokiona anayetembelea

Anayefika Bujora akitarajia jengo moja refu lenye makabati ya vioo atashangaa. Makumbusho yametawanyika kama kaya ya Kisukuma. Kuna nyumba ya asili yenye vyombo vyake, kuna mahali pa mhunzi, kuna nyumba ya mganga, na kuna banda la enzi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ndani ya banda hilo zimo ngoma za watemi. Mgeni anatembea kutoka kazi hadi kazi, kutoka jembe hadi mfinyanzi, na polepole anaona kwamba "sanaa" kwa wazee haikuwa kitu cha kuning'iniza ukutani. Ilikuwa namna nzuri ya kutengeneza kitu kinachotumika.

Nataja vitu vitatu vinavyofaa kutazamwa kwa muda mrefu.

Cha kwanza ni silinda inayozunguka katika banda la enzi. Imeandikwa namna mbalimbali za kuhesabu kutoka moja hadi kumi, kadiri ya makundi ya rika katika jamii. Kumbe maneno ya kuhesabu aliyoyatumia mtoto hayakuwa yale ya watu wazima. Kwa sisi tunaosoma falsafa, hapa pana somo zima la metafizikia limesimama kwenye mti. Ng'ombe watatu ni watatu, uwaite kwa jina la kitoto au la kikubwa. Jina linabadilika na ukweli unabaki. Mwenye kuelewa hilo haogopi kwamba imani ikisemwa kwa Kisukuma, Kihaya au Kimakonde itakuwa imani nyingine. Ataogopa tu ikiwa kinachohesabiwa chenyewe kimebadilishwa.

Cha pili ni habari za Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na wacheza ngoma wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alikuwa na wafuasi wake na dawa zake. Mashindano yao huchezwa kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na hakimu ni watazamaji wenyewe. Upande uliovuta umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda. Kwa hiyo mchezaji hutafuta kila mbinu, wengine hucheza na nyoka hai, wengine na majembe, ili watu wahame upande wa pili. Bujora haikuzima mashindano hayo. Yanafanyika kila mwaka katika sherehe za Bulabo, zinazoambatana na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, mwezi wa Juni. Ekaristi hutangulia kwa maandamano, kisha ngoma hufuata.

Cha tatu ni kanisa lenyewe. Ni la mviringo, na alama za enzi ya Kisukuma zimeingizwa ndani yake. Tabernakulo ina umbo la nyumba ya Kisukuma, na mlangoni pake kuna ngao na mkuki. Anayejua lugha ya alama hizo hahitaji katekista wa kumweleza: mwenye enzi yumo ndani. Katika makanisa yetu mengi tunawaambia watoto, "Taa nyekundu ikiwaka, Yesu yupo." Ni vema. Lakini Msukuma aliyelelewa karibu na ikulu ya mtemi aliambiwa jambo hilo hilo kwa alama aliyoijua kabla ya kuzaliwa kwake.

Tazama sasa kilichotokea. Katika banda la enzi, alama za mtemi zimepumzika. Katika kanisa, hatua chache kutoka hapo, alama zile zile zinafanya kazi. Ili tuielewe tofauti hiyo, tumwite mwalimu wetu wa zamani.

3. Aristotle mbele ya ngoma

Aristotle anafundisha kwamba tunakijua kitu sawasawa tunapojua sababu zake nne. Tuzitumie kwa ngoma ya mtemi. Kwanza, imetengenezwa kwa nini? Kwa mti na ngozi. Hiyo ndiyo sababu ya maada. Pili, ina umbo gani linaloifanya iwe ngoma, wala isiwe mtungi au kinu? Hiyo ni sababu ya umbo. Tatu, nani aliitengeneza? Fundi, kwa mikono na ujuzi wake. Hiyo ni sababu ya utendaji. Nne, ilitengenezwa ili iweje? Ili iite watu, itangaze utawala, isindikize mtemi. Hiyo ni sababu ya kikomo, yaani lengo, na Aristotle anaihesabu kuwa kubwa kuliko zote, kwa sababu fundi asingeshika shoka kama lengo halikuwepo.

Makumbusho yoyote duniani huhifadhi vizuri sababu tatu za kwanza. Mti upo, umbo lipo, na pengine jina la fundi limeandikwa kwenye kibao. Kinachobaki nje ya mlango ni sababu ya nne. Ngoma iliyowekwa ili itazamwe imepewa lengo jipya, yaani kufundisha na kukumbusha. Ndiyo maana mgeni makini huhisi kimya fulani ndani ya makumbusho, hata kama watu wanazungumza. Vitu vyote viko likizo.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea kwa njia mbili zinazopingana. Anayesema, "Ni mbao tu, hazina maana," anaona maada peke yake, na kwa namna hiyo hata msalaba wa altareni ungekuwa mbao tu. Anayesema, "Kina pepo ndani, usikiguse," anafikiri kwamba lengo limeganda ndani ya maada kama chumvi ndani ya maji, lisiweze kutoka kamwe. Lakini lengo la chombo hutoka kwa watu wanaokitumia. Watu wakigeuza matumizi, chombo nacho hugeuka.

Maandiko Matakatifu yana mfano ulio wazi kuliko wote: nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu, na waliomtazama wakapona (Hes 21:8-9). Karne nyingi baadaye Waisraeli walianza kumfukizia ubani nyoka huyo huyo, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Fal 18:4). Shaba haikubadilika wala umbo halikubadilika. Lengo liliharibika, na mfalme akafanya vema kuvunja. Kisha Bwana wetu mwenyewe akaichukua alama ile iliyokwisha kuvunjwa, akaitumia kueleza kuinuliwa kwake msalabani (Yn 3:14). Kitu kimoja kilitolewa na Mungu, kikaharibiwa na watu, kikavunjwa na mfalme, kikapewa maana yake kamili na Kristo. Mtu anayetaka kanuni ya neno moja, ama "choma" ama "acha", hana mahali pa kuiweka historia hiyo.

4. Kurudi Athene na Efeso

Sasa tunaweza kulijibu swali tuliloanza nalo. Altare ya Athene ilikuwa ni swali. Waliokuwa wameijenga walikiri kwamba yupo ambaye hawajamjua. Paulo aliikuta sababu ya kikomo iko wazi, kama mkono ulionyooshwa, akauelekeza mkono huo kwa Kristo. Vitabu vya Efeso vilikuwa ni dai. Mwenye navyo alisema: ninayo nguvu, naweza kuwashurutisha wasioonekana wanifanyie nitakalo, kwa faida yangu na pengine kwa hasara ya jirani. Mkono wa namna hiyo haujanyooshwa, umekunjwa ngumi. Hauwezi kuelekezwa kokote mpaka ufunguke kwanza.

Tuangalie pia nani alichoma. Biblia haisemi kwamba Paulo aliingia katika nyumba za watu na kutoa vitabu. Waliochoma ni wenye mali wenyewe, wa vitu vyao wenyewe, baada ya kuamini, na kwa hasara waliyoikubali. Moto wa Efeso ulikuwa tunda la uongofu. Haukuwa njia ya kuulazimisha.

Nalisema hili kwa sababu. Katika kigango kimoja nilikokuwa wakati wa likizo, baba mmoja wa familia alimsikiliza mhubiri mpita njia aliyemwambia kwamba umaskini wake unatokana na kigoda cha marehemu babu yake kilichokuwa ndani. Akakichoma usiku. Kigoda hicho hakikuwa na kafara wala dawa. Kilikuwa kiti ambacho wazee wa ukoo walikitumia kusuluhisha ugomvi: mwenye kukikalia hakuruhusiwa kupayuka. Umaskini haukuondoka, na ndugu zake hawakumsemesha tena, kwa sababu alichoma kilichokuwa cha wote. Iliteketea Athene mahali pa Efeso. Aliyekishauri kitendo hicho alikwisha kwenda zake, na ukoo mzima ukabaki bila mahali pa kupatania.

5. Tusiwadanganye watu: yapo ya Efeso pia

Mwenye kuyapenda makumbusho anaweza kushawishika kufikiri kwamba kila cha wazee kilikuwa kizuri. Sivyo, na heshima ya kweli haihitaji uongo. Katika nyumba ya mganga pale Bujora, mgeni anakutana na ujuzi wa mizizi na majani uliowaponya watu wengi kabla ya kuwepo zahanati. Lakini anapaswa kukumbuka pia kwamba karibu na ujuzi huo ilikaa ramli, na ramli katika Kanda ya Ziwa imemwaga damu.

Wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa, hasa kuanzia mwaka 2007, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Jina hilo la Kiswahili ni sahihi kabisa: ramli inayochonganisha, inayomwonyesha mwanakijiji adui mahali ambapo Mungu alimwekea jirani.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatufundisha kwamba neema haiiharibu tabia ya asili ila huikamilisha. Maneno haya hutumiwa sana tunapozungumzia utamadunisho, na ni sawa. Tusisahau tu kwamba anayekamilisha huponya pia. Chombo chenye ufa huzibwa kwanza ndipo kijazwe maji.

6. Maswali matatu ya kupambanua

Kutokana na hayo yote, naona maswali matatu yanayoweza kumsaidia mwamini, katekista au frateri anapokutana na kitu cha mila.

La kwanza: kinamwelekeza mtu kwa nani? Wasukuma walimtaja Mungu kwa majina kama Liwelelo na Seba, Bwana. Tendo au kitu kinachomkumbusha mtu kwamba yupo Muumba, au kwamba marehemu wetu hawajapotea, kinaelekea njia yetu. Kinachomfunga mtu kwa nguvu anayotakiwa kuilisha na kuiogopa, kinaelekea kwingine.

La pili: kinamfanya mtu awe nani kwa jirani yake? Kigoda cha usuluhishi kinajenga undugu. Jembe la ngoma ya wakulima linafundisha kulima pamoja. Hirizi ya kumdhuru mwenzako inaua undugu hata kabla haijafanya lolote.

La tatu: kinaweza kusemwa mchana? Ngoma ya Bulabo huchezwa uwanjani, mbele ya watoto na maaskofu. Kitu ambacho lazima kifichwe, kilipiwe kwa siri, na kisielezwe kwa mwenzi wa ndoa, kimejishuhudia chenyewe.

Swali la nne linatoka kwa Paulo mwenyewe, na linahusu dhamiri. Aliwaambia Wakorintho kwamba sanamu si kitu, lakini akawaonya walio na elimu wasimkwaze ndugu dhaifu kwa kula nyama iliyotolewa sadaka (1 Kor 8). Mimi ninaweza kuuona usinga kuwa ni kazi nzuri ya mikono. Yule aliyetoka jana kwa mganga hauoni hivyo. Kwa ajili yake, elimu yangu inyamaze kidogo. Hapo makumbusho yanasaidia kwa namna ya pekee, kwa maana kitu ambacho hakifai kukaa sebuleni kwa ndugu aliyeongoka karibuni, na ambacho pia ni hasara kukichoma, kinaweza kupata nyumba ya tatu. Mtu akikitoa kwa hiari kikatunzwe na kuelezwa, amekiacha bila kuwadharau waliomzaa.

7. Je, mwenye kitu ni nani?

Bujora haipo peke yake. Huko Mbala, Zambia, Padre Jean Jacques Corbeil, naye Mmisionari wa Afrika, alikusanya vitu vya Wabemba, vikiwemo vile vya udongo vilivyotumika kuwafundishia wasichana katika unyago wao wa chisungu. Mkusanyo wake ukazaa Makumbusho ya Moto Moto. Huko Mua, Malawi, Padre Claude Boucher wa shirika hilo hilo alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976, kinachohifadhi utamaduni wa Wachewa, Wangoni na Wayao. Katika mahali pote hapo, vitu vilibaki karibu na watu waliovitengeneza. Mjukuu anaweza kupanda kilima akaonyeshwa ngoma iliyopigwa kwa ajili ya babu yake.

Si kila kitu kilibahatika hivyo. Katika Mwaka Mtakatifu wa 1925, Papa Pius XI aliandaa maonesho makubwa ya kimisionari mjini Vatikano. Vitu zaidi ya 100,000 vililetwa kutoka pande zote za dunia, na sehemu yake ilibaki Roma na kuwa msingi wa makumbusho ambayo leo yanaitwa Anima Mundi, yaani Roho ya Ulimwengu. Vingi vilitolewa kama zawadi. Lakini je, mtu aliye chini ya utawala wa kikoloni, ambaye mila zake zimepigwa marufuku na sheria, anaweza kutoa zawadi kwa uhuru kamili? Wenyeji wa asili wa Kanada waliuliza swali hilo kwa miaka mingi. Papa Fransisko, mwaka 2023, alilijibu kwa kuwarudisha watu kwenye amri ya saba: ulichoiba, kirudishe. Mwezi Novemba 2025, Papa Leo XIV aliwakabidhi Maaskofu wa Kanada vitu 62 ili vifike kwa jamii za wenyeji.

Tunajifunza nini? Kwamba swali la makumbusho ni swali la haki kabla ya kuwa swali la sanaa. Na haki hiyo inatugusa sisi pia, wala haiishii Ulaya. Ukiona mtu anawanunulia wajane kijijini vigoda vya mababu kwa bei ya kilo mbili za sukari ili akauze mjini kwa watalii, jua kwamba amri ya saba haijali rangi ya mnunuzi.

8. Kwa anayetaka kutembelea

Namalizia kwa mambo machache ya kutendeka, kwa WAWATA, vijana, wanakwaya na sisi mafrateri tunaopanga ziara.

Nendeni mkiwa na mzee. Kibao kinaeleza jina la chombo, mzee anaeleza mkono ulioshika chombo.

Tazameni vitu vichache kwa muda mrefu. Paulo alitazama Athene yote, lakini alihubiri juu ya altare moja.

Msipige picha kwanza. Mtu huuliza maswali mazuri zaidi mikono yake ikiwa mitupu.

Sali kanisani kabla ya kuingia makumbusho, au baada yake. Pale Bujora vyote viwili vipo kilima kimoja, na ukiviacha vitengane utakuwa umetalii nusu.

Mkirudi, andikeni. Kila jumuiya ndogo ndogo ina wazee wawili au watatu wanaojua jina la kila sehemu ya nyumba ya asili, wimbo wa kila kazi, na sababu ya kila mwiko. Daftari la shilingi mia tano linatosha kuanzia. Bujora nayo ilianza kwa kukaa na wazee.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu kuna kitu gani cha wazee tusichokijua kazi yake? Nani aliye hai anayeijua?

2. Je, tumewahi kuchoma, kuuza au kutupa kitu kwa sababu ya hofu tu? Ni yapi kati ya maswali matatu tungejiuliza leo?

3. Ni alama ipi ya mila zetu ingemsaidia mtoto wa parokia yetu kuelewa kwamba Kristo ni Mfalme na yupo kati yetu?

4. Ni jambo gani katika mila zetu ni la Efeso, tukalipe bila kulionea haya jina lake halisi na kuliacha?

Mwenyezi Mungu, aliyepanda mbegu za Neno lake katika mataifa yote, atujalie macho ya Paulo pale Athene na ujasiri wa waamini wa Efeso, na hekima ya kujua tuko mji upi.